Mji wa Kuondokea: Barua kwa Mpwa Aliyeko Dodoma

Kwa mpwa, mtoto wa dada, Dodoma.



Barua hii inajibu swali alilolileta mpwa kuhusu mji unaofaa kuanzia safari ya majini aliyomwahidi mama yake kwa ajili ya likizo ya mwaka, swali ambalo wengi huliona dogo kwa kudhani kwamba safari ya majini huanza pale chombo kinapong'oa nanga. Miji aliyoitaja ni Dar es Salaam, Tanga, Mwanza na Kigoma, na mwishoni ameongeza, kama anayetania huku akimaanisha, bandari za Bahari ya Kati anazoziota kwa mwaka mwingine. Mkazi wa pwani au wa kando ya ziwa hasumbuliwi na swali la namna hii, kwa kuwa bandari yake iko mlangoni pake na hana nyingine. Lakini mkazi wa Dodoma, anayeishi katika uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, ambako mvua za msimu mmoja kati ya Desemba na Aprili hupita na kuiacha mito ikiwa michanga mitupu, yuko mbali na maji ya kila upande, na kwa sababu hiyo hiyo ana uhuru wa kuchagua.

Katika jedwali alilolituma, ambalo limepangwa kwa unadhifu unaowastahili watumishi wa mji wa serikali wa Mtumba, mpwa amelinganisha vyombo kwa ukubwa, umri, nauli na saa za safari, na hakuacha hata aina ya viti. Kilichokosekana humo ni safu ya mji wenyewe. Mji wa kuondokea, kwa maana inayotumika katika barua hii, ni mji ambamo msafiri huacha usafiri wa nchi kavu na kuingia chomboni, na ambamo, chombo kisipoondoka, hulazimika kukaa hadi kitakapoondoka. Na sehemu ya pili ya maana hiyo ndiyo yenye uzito, kwa sababu bahari na maziwa havifuati saa ya ofisi, injini huharibika, upepo huvuma, na tangazo la kuahirishwa kwa safari humkuta abiria akiwa tayari amefunga mizigo. Chombo humbeba msafiri siku ambayo mambo yamekwenda sawa, na mji humbeba siku ambayo hayakwenda.

Historia ya pwani na ya uwanda huu wa kati inalithibitisha jambo hilo. Katika karne ya 19, misafara iliyopita Ugogo kuelekea Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, na kisha Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, ilianzia kwa wingi Bagamoyo, mji ambao kwa kipimo cha ubaharia haukustahili heshima hiyo, kwani maji yake ni ya kina kifupi, vyombo vikubwa vilitia nanga mbali, na mizigo ilifikishwa ufukweni kwa mashua au kwa mabega ya watu waliotembea majini. Kusini yake kulikuwa na bandari ya asili yenye kina na kinga, ambako Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860 akitarajia kuivuta biashara ya bara. Lakini alifariki mwaka 1870, mdogo wake Barghash aliyemrithi hakuuendeleza mradi huo, na misafara haikuacha kwenda Bagamoyo. Sababu moja ni kwamba Bagamoyo ilitazamana na Unguja, kulikokuwa na wafanyabiashara waliotoa bidhaa kwa mkopo. Sababu nyingine, ambayo waandishi wengi huipita haraka, ni kwamba Bagamoyo ilijua kukaa na watu wanaongoja. Wapagazi, yaani wachukuzi wa mizigo kwa ujira, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walishuka na pembe za ndovu wakati wa kiangazi kisha wakakaa mjini kwa wiki nyingi hadi wapate mzigo wa kurudi nao, na mji ulikuwa na chakula, kambi, mafundi, na wenyeji waliozoea desturi za wageni hao. Hata Henry Morton Stanley, aliyefika mwaka 1871 akiwa na haraka ya kumtafuta Livingstone, alilazimika kukaa Bagamoyo kwa wiki kadhaa akikusanya wapagazi, na bila shaka alinung'unika kila siku. Lakini katika mji usiojua kungoja asingewapata kabisa.

Hali kama hiyo ilikuwapo hata huku Mpwapwa, na mpwa atamsamehe mjomba kwa kuisifu kaya yake kidogo. Msafara uliotoka pwani ulipofika hapa ulikuta vijito vinavyoshuka milimani na chakula cha kununua, na mbele yake, baada ya kuipita Chunyo, ulikabiliwa na Marenga Mkali, nyika isiyokuwa na maji iliyovukwa kwa tirikeza, yaani mwendo ulioanza alasiri, ukakatizwa usiku kwa kambi kavu, na kuendelea alfajiri hadi visima vya Ugogo. Ng'ambo ya nyika hiyo kulikuwa na hongo, yaani ushuru wa njia na maji ambao watemi wa Wagogo waliutoza kwa vitambaa, shanga na waya, na ambao wageni waliuandika kwa hasira kana kwamba ni unyang'anyi, ilhali maji waliyoyanywa yalitoka katika visima vilivyochimbwa na kutunzwa na watu wa hapo katika nchi ambayo mvua yake haina uhakika. Kwa hofu ya kiu na kwa nia ya kuwa na sauti katika mazungumzo ya hongo, misafara midogo ilingojana Mpwapwa hadi iwe mikubwa. Mpwapwa, kwa hiyo, ilikuwa bandari ya nchi kavu, na ubora wake haukupimwa kwa uzuri wa njia iliyotoka hapo, ambayo ilikuwa mbaya, bali kwa urahisi wa kukaa hapo kabla ya kuikabili.

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914 baada ya kilomita zipatazo 1,250, iliuvunja mpango huo wote. Bagamoyo, iliyokuwa tayari imepokonywa makao makuu ya utawala wa Kijerumani mwaka 1891, ilipoteza na misafara yake, na Mpwapwa yenyewe iliachwa kando kwa kuwa reli ilipita Gulwe, jambo ambalo baadhi ya wazee wa hapa hawajalisamehe hadi leo.

Kwa kipimo hicho cha urahisi wa kungoja, Dar es Salaam ndiyo inayotangulia kwa safari ya mwaka huu. Tangu Julai 2024, treni ya umeme ya reli ya kisasa, ambayo wengi huiita SGR, humtoa abiria Dodoma na kumfikisha Dar es Salaam kwa muda usiofika nusu ya ule wa basi, na stesheni yake haiko mbali na gati la boti za Zanzibar, kiasi kwamba teksi au bajaji inatosha. Boti ziendazo kasi huvuka hadi Unguja kwa takriban saa mbili na huondoka zaidi ya mara moja kwa siku, na humo ndimo ilimo faida kubwa kuliko kasi yenyewe, kwa sababu anayeikosa ya asubuhi huikuta nyingine, na anayezikosa zote hulala mjini penye ndugu, gesti za kila bei na hospitali. Jambo la mwisho si dogo kwa mama mwenye presha na magoti yasiyopenda ngazi.

Wakati wa safari nao unahitaji kuangaliwa. Kusi, yaani upepo wa msimu utokao kusini, huvuma kwa nguvu hasa kuanzia Juni hadi Agosti na kuyachafua maji ya mkondo ulio kati ya bara na Unguja. Kaskazi, upepo wa upande wa pili, hushika kuanzia Desemba hadi Machi. Na kwa mtu ambaye hajawahi kupanda chombo, Oktoba na Novemba, kabla kaskazi haijakolea, ni afadhali zaidi. Ajali ya MV Skagit, iliyozama Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja katika bahari iliyochafuka, itajwe hapa si kwa kutisha, bali kwa sababu inaonyesha kwamba tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa lina uzito kuliko tiketi iliyokwisha kulipiwa. Chombo kinapozuiwa kuondoka, abiria wa Dodoma aliyelala Dar es Salaam anapoteza siku moja. Aliyepanga kushuka kwenye treni na kukimbilia gati siku hiyo hiyo anapoteza siku na utulivu pia, na mtu asiye na utulivu ndiye anayepanda chombo ambacho asingekipanda.

Tanga ina sifa za kinyume. Vyombo vyake vya kwenda Pemba ni vichache, hivyo kukikosa kimoja ni kukaa siku kadhaa. Lakini mji wenyewe ni mtulivu, wa gharama nafuu na wa watu wapole, na kama likizo ya mpwa isingekuwa na tarehe ya kurudi kazini, mjomba angeupendekeza mbele ya Dar es Salaam bila kusita. Unamfaa mstaafu.

Kuhusu Mwanza, safari ya basi kutoka Dodoma kupitia Singida na Shinyanga humaliza siku nzima, maana reli ya kisasa haijakamilika upande huo, na msafiri hufika amechoka katika saa ambazo meli ya Bukoba huwa inapakia, kwa kuwa safari hiyo ya Ziwa Viktoria kwa desturi ni ya usiku. Meli ya MV Victoria ilirudi kazini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa, na MV Mwanza imejengwa hapo hapo ili kubeba abiria 1,200. Hata hivyo, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limewapa watu wa magharibi ya ziwa njia nyepesi ya barabara, na yeyote anayepanda meli sasa hufanya hivyo zaidi kwa kupenda maji. Ziwa hilo halichezewi: Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaa kupita kiasi, na mamia ya watu walipotea. Familia nyingi za kanda ya ziwa bado huuhesabu mwezi huo.

Inaeleweka kwamba moyo wa mpwa uko Kigoma, na moyo huo hauwezi kulaumiwa. MV Liemba, meli ya Kigoma, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma, ambako ilishushwa ziwani mwaka 1915. Vipande hivyo vilipita Dodoma juu ya reli, yaani meli ilisafiri uwanda huu wa kati kabla ya kugusa Ziwa Tanganyika. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 ili isitekwe, Waingereza waliiibua mwaka 1924, na ikarudi kazini mwaka 1927. Lakini mji unaotegemea chombo kimoja kikongwe, ambacho katika miaka ya karibuni kilisimama kwa muda mrefu kikisubiri ukarabati, hauwezi kuwa mwanzo wa safari ya mama mzee, hasa kwa kuwa katika vijiji vingi vya kando ya ziwa hilo meli husimama mbali na abiria hushushwa katika mitumbwi. Kigoma iwe safari ya mpwa na mkewe peke yao, mwaka ambao meli zitakuwa na ratiba inayotimizwa, nao wawe tayari kukaa Ujiji wakila samaki wa migebuka.

Ndoto ya Bahari ya Kati inapimwa kwa kipimo kile kile, ikiongezwa karatasi. Meli za matembezi za huko huondoka bila kumngoja mtu, kwa hiyo bandari iliyo mbali na uwanja wa ndege ni hatari kwa mgeni: Civitavecchia, inayotangazwa kuwa bandari ya Roma, iko kilomita zipatazo 70 kutoka mjini, ilhali Barcelona ina gati karibu na mji, na Piraeus imeunganishwa na uwanja wa ndege wa Athens kwa treni ya mjini. Venice, ambayo mkewe mpwa ameitaja kwa sababu ya picha, tangu Agosti 2021 hairuhusu meli kubwa kupita katika mifereji yake ya katikati. Aidha, viza ya Schengen, yaani kibali kimoja cha kuingia katika nchi nyingi za Ulaya, huombwa kwa nchi ambayo msafiri atakaa siku nyingi zaidi, au, siku zikilingana, kwa nchi atakayoingilia. Na meli ikitoka nje ya nchi hizo kwenda, kwa mfano, Tunisia au Uturuki kisha ikarudi, viza ya kuingia mara moja haitoshi. Mji wa kuondokea basi unaweza kuamua hata ubalozi wa kuendea, na atakayelipa nauli ya meli kabla ya kuyajua hayo atakuwa amelipia maji asiyoweza kuyafikia.

Kwa safari ya sasa, inashauriwa tiketi za treni zikatwe za kwenda Dar es Salaam siku ya Ijumaa, familia ilale kwa binamu Ilala, na boti iwe ya asubuhi ya Jumapili badala ya Jumamosi, ili Jumamosi ibaki ya mama kupumzika na kuyatazama maji akiwa nchi kavu. Kurudi nako kupangwe kwa mtindo huo, kwa siku moja tupu kati ya boti na treni. Dawa zake za presha zikae katika mkoba wa mkononi, si katika begi kubwa, na mkewe mpwa azihesabu kabla ya kutoka nyumbani. Nauli ya mama ya kwenda na kurudi italipwa kutoka Mpwapwa. Mpwa aandike tu ni kiasi gani na asikipunguze kwa heshima.

Ni mjomba, Mpwapwa.