Paka wa Mjukuu na Safari ya Ng'ambo



Katika miaka hii ni vigumu kuupata mtaa wa Mombasa, Malindi au Lamu usiokuwa na nyumba iliyotoa watu wa kuhamia ng'ambo. Wako waendao Uarabuni, wako waendao Uingereza, na wako waendao Marekani na Kanada. Nasi tumezoea kuulizwa maswali ya wasafiri: kukusanya na kupunguza sala, kibla ndani ya ndege, nyama za huko, na deni lililoachwa nyuma. Swali la mnyama wa nyumbani hatukuwa tumelizoea. Lilitufikia kutoka ndani ya jamaa yetu wenyewe, na kwa kuwa tumeulizwa mara mbili zaidi tangu hapo, tumeona tuliandike, ili anayejiandaa na safari apate la kumfaa kabla ya siku kumpita.

Mkwe wetu alipata kazi Leicester, akatangulia. Binti yetu na watoto wawili walibaki wakingoja viza. Mkubwa wa watoto hao ni msichana, wakati huo akiwa na miaka 9, na alikuwa na paka jike wa rangi ya ufuta aliyemwita Simsim, aliyemlea tangu akiwa kipaka kisichofungua macho. Mipango ya nyumba ilikuwa karibu kukamilika: vyombo vigaiwe jamaa, vitanda viuzwe, na paka apelekwe sokoni kwa wauza samaki, mahali ambapo hapakosi vichwa na matumbo. Mtoto akaja kwetu baada ya Alasiri, akatuuliza: "Babu, kwani Simsim hawezi kukatiwa pasi?"

Wako watakaocheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba katika fiqhi ya Kishafii tuliyoisoma chuoni, mlango wa nafaka haumaliziki kwa mke, watoto na wazazi. Unafika hadi kwa mnyama. Aliyemfunga mnyama nyumbani kwake amejifunga naye: ni wajibu wake kumlisha na kumnywesha, na akishindwa, amtafutie njia ya kuishi isiyomdhuru. Kila mtoto wa madrasa anajua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimpe chakula wala asimwache akajitafutia. Paka aliyezaliwa sokoni ana maarifa ya sokoni. Paka aliyelelewa juu ya busati, akaletewa sahani mara mbili kwa siku, hana maarifa hayo. Kumtupa kati ya mapaka dume ya gulioni na kusema tumempeleka penye riziki ni kujidanganya.

Ya pili ni huzuni ya mtoto. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa na shughuli za umma mzima, na bado alimsemesha mtoto mdogo, Abu Umayr, juu ya kidege chake kilichokufa. Aliyefundishwa hivyo hawezi kumwambia mjukuu wake kwamba machozi ya paka si machozi.

Basi tukaenda kwa daktari wa mifugo, tukaketi, tukasikiliza. Tuliyoyapata huko tunayaandika kwa mpangilio wake, maana katika jambo hili mpangilio ndio kila kitu.

Uingereza haina kichaa cha mbwa miongoni mwa mbwa na paka wake tangu mwaka 1922, na inalinda neema hiyo kwa ukali. Kenya bado inapambana nacho, na mpango wa taifa umelenga kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na ugonjwa huo ifikapo 2030. Kwa miaka mingi paka au mbwa aliyetoka nchi kama yetu aliwekwa karantini miezi 6 kwa gharama ya mwenyewe. Tangu 2012 mlango umelegezwa, lakini una ngazi zake.

Ngazi ya kwanza ni maikrochipu, kidude kidogo kama punje ya mchele kinachoingizwa kwa sindano chini ya ngozi ya shingo, chenye nambari ya tarakimu 15. Ya pili ni chanjo ya kichaa cha mbwa, naye mnyama awe ametimiza wiki 12. Maikrochipu itangulie chanjo, au viwe siku moja. Chanjo ikitangulia haihesabiwi, na itabidi achanjwe upya. Ya tatu, baada ya siku 30 au zaidi tangu chanjo, atolewe damu ipelekwe katika maabara iliyoidhinishwa, kupima kama kinga imefikia kiwango kinachotakiwa. Ya nne, kipimo kikishafaulu, mnyama angoje miezi 3 kamili tangu siku aliyotolewa damu. Ugonjwa huu hujificha mwilini wiki na miezi kabla ya kujionyesha, na miezi hiyo 3 ni ya kumngoja ajionyeshe kama yumo. Ndipo ifuate ngazi ya tano: hati ya afya inayotiwa sahihi na daktari wa mifugo wa serikali, naye mnyama afike Uingereza ndani ya siku 10 tangu hati hiyo kutolewa.

Jumlisha, msomaji. Siku 30 na miezi 3 ni karibu miezi 4, hata ukianza leo asubuhi. Viza ya binti yetu ilitarajiwa baada ya wiki 6.

Kulikuwa na jambo jingine. Kuingia Uingereza kwa ndege, paka haruhusiwi kupakatwa na mwenyewe wala kuwekwa chini ya kiti. Anasafirishwa kama mzigo wenye hati zake, kwa njia iliyoidhinishwa, naye mwenyewe asafiri ndani ya siku 5 kabla au baada yake. Ikizidi hapo, anaingia katika kanuni za wanyama wa biashara, ambazo ni nzito zaidi. Kwa hiyo haikuwezekana familia iondoke, kisha sisi tumpeleke paka uwanjani baada ya miezi na kumtuma peke yake kama kifurushi cha kashata.

Na gharama? Wakala mmoja alitutajia bei iliyokaribia nauli ya mtu mzima. Wa pili akaipita nauli hiyo.

Hapo binti yetu alisema neno ambalo hatukuweza kulipuuza. "Baba, kwa fedha hizi si angesomeshwa yatima mwaka mzima? Mimi nitasimama vipi mbele ya Mola wangu, nimempandisha paka ndege na jirani hana karo?"

Tukamjibu hivi. Haki ya mnyama juu ya mwenyewe ni chakula, maji na usalama. Kupandishwa ndege si katika haki zake. Kama ipo hapa nyumba itakayomtunza kwa kweli, wajibu umetimia, na hakuna dhambi kumwacha. Na kama mtu amelipa madeni yake, ametoa zaka yake, hajapunguza nafaka ya wanaomtegemea, kisha akatumia kilichobaki kwa mnyama aliyemlea, hilo nalo ni halali yake. Linakuwa israfu akilifanya kwa kujionyesha au kwa kuwanyima wenye haki. Mizani hiyo kila mwenye nyumba aipime mwenyewe, kwani sisi hatuoni yaliyomo mfukoni mwa mtu wala moyoni mwake.

Tukamshauri asikate shauri siku ile. Ziko hatua za mwanzo ambazo gharama yake ni ndogo kuliko ndege: maikrochipu, chanjo, na kipimo cha damu. Daktari alikuwa ametueleza kwamba kipimo kikishafaulu hakirudiwi maisha yote ya mnyama, maadamu chanjo za kukumbushia hazichelewi hata siku moja. Kwa hiyo mlango ungebaki wazi, na uamuzi ungefanywa kwa utulivu, familia ikishajua maisha ya huko yanagharimu nini. Wakakubali. Damu ilitolewa siku chache kabla ya safari yao.

Siku ya kuondoka, mtoto alimleta Simsim kwetu ndani ya kikapu, akasema kwa sauti ya mtu mzima: "Babu, Bibi, namweka kwenu. Sijawapa."

Mama watoto hakuwa mpenda paka. Kwa miaka yote ya ndoa yetu paka alikuwa wa kufukuzwa kwa ufagio jikoni. Lakini nyumba iliyozoea kelele za wajukuu ilipopoa, tulianza kuona mambo. Kichwa cha dagaa kilitengwa kabla ya mchuzi kutiwa nazi. Mto wa zamani ukatokea barazani. Usiku, mama watoto akimaliza nyiradi zake, paka alikuwa amelala juu ya upindo wa kanga yake, naye hainuki mpaka paka ageuke. Miezi ikapita hivyo. Tulipompeleka Simsim kwa daktari kupimwa uzito, yeye ndiye aliyembeba njia nzima.

Disemba binti yetu na mjukuu wakaja likizo. Wazazi walikuwa wamejibana huko, na mtoto mwenyewe alikuwa ameweka fedha zake za Idi mbili, kiasi kidogo, lakini chake. Hati zilikuwa tayari, miezi ya kungoja ilikuwa imekwisha zamani, na wakala alishapata nafasi katika ndege ya siku ile ile ya safari yao. Siku ya tatu ya likizo, mtoto aliketi barazani, akamtazama paka, akamtazama bibi yake, kisha akasema: "Bibi, ukitaka abaki, niambie. Sitalia."

Sisi tulinyamaza. Tumehutubia juu ya amana mara nyingi, na aya ya 58 ya Suratun Nisaa inayoamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe tumeifasiri mbele ya watu kwa miaka. Lakini mwenye kujibu pale hakuwa sheikh.

Mama watoto alikaa kimya kitambo, akikunjua na kukunja upindo wa kanga. Kisha akasema: "Mwanangu, ulisema umetuwekea. Hukusema umetupa. Mchukue paka wako." Akainuka, akaenda kutia maji chai.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa za matayarisho. Kizimba kilinunuliwa mapema: cha plastiki ngumu, chenye matundu ya hewa pande zote, na nafasi ya paka kusimama wima, kugeuka na kujinyosha, kama kanuni za mashirika ya ndege zinavyotaka. Tulikiacha wazi sebuleni, chakula chake kikiwekwa humo, ili akione ni nyumba. Ndani kilitandikwa kipande cha kanga, na si lazima tuseme ni ya nani. Dawa ya usingizi hatukumpa. Daktari alituonya kwamba hushusha pumzi na mapigo ya mnyama akiwa angani mahali asipoweza kusaidiwa, na mashirika mengi humkataa mnyama aliyelewa dawa. Hati ya afya ilikamilishwa Nairobi siku chache kabla ya safari, na tuliisoma nambari ya maikrochipu tarakimu kwa tarakimu katika kila karatasi, maana tarakimu moja ikipotoka paka huonekana si yule.

Alifika. Wakamkagua uwanjani London, kidude kikasomwa, karatasi zikalingana, akakabidhiwa kwa mwenyewe siku ile ile. Siku 3 alijificha chini ya kitanda. Ya 4 akatoka akaomba chakula.

Ndugu msomaji, ukiwa na safari ya kuhama na una mnyama, yashike haya. Anza kuuliza siku ile unayoanza kuuliza viza, si baada ya kuipata. Uliza kanuni za nchi unayokwenda wewe, kwani za Uingereza tulizozieleza si lazima ziwe za Omani wala za Kanada, na kanuni hubadilika. Mtafute daktari aliyewahi kutayarisha wanyama wa safari. Na ukiona huwezi kumchukua, kwa fedha au kwa muda, mtafutie mtu, usimtafutie mahali. Mtu anaulizwa, anakubali, anaagizwa. Soko na baraza la msikiti havikubali amana ya mtu.

Nawe utakayeachiwa, uliza swali moja siku ya kwanza mbele ya mashahidi: nimepewa, au nimewekewa? Jibu lake litakulinda wewe na mwenzio siku mioyo itakapokuwa imebadilika.

Nyumbani kwetu upindo wa kanga sasa hauna anayeulalia. Juzi tumemwona mama watoto akitenga kichwa cha dagaa, akakikumbuka mkononi, kisha akatoka nacho hadi ukutani alikokuwa paka mmoja wa mtaani, mweusi, mwenye sikio lililokatika. Hakumkaribisha ndani. Alimwekea tu.

Mwenyezi Mungu awafikishe salama wasafiri wetu, awahifadhi waliobaki, na atujaalie kuwa watu wa kurudisha amana. Amin.