Wimbi la Karungu

Kutoka ufuoni si kazi, kazi ni kurudi! Mimi wa Homa Bay mjini, likizo ya Agosti nilikuwa kwa mjomba huko Karungu, Migori. Alasiri upepo huvuma kutoka ziwani, mawimbi yakakufuata kwa nyuma. Wimbi likiinua tezi, omo huinama kama itazama. Moyo du! du! du! Mkono wataka kuacha kafi ushike ubavu wa mtumbwi.

"Piga kafi, we mpwa! Ukilegea, wimbi litatugeuza ubavu, tupinduke!"

Wiki mbili niliogopa hivyo hivyo, nikipiga. Kisha likaja moja refu kuliko yote. Nikapiga macho wazi. Tukateleza nalo hadi mchangani. Mjomba hakusema neno. Kesho yake akaniachia tezi.