Tarehe 3 mwezi wa 4

Kwa ajili ya kazi yangu ya kumaliza masomo, nilimrekodi kambo mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, akisimulia hadithi. Tarehe ya kila rekodi niliiandika daftarini, kisha nikaziingiza zote katika jedwali la Excel, kwenye kompyuta ya kukodi, nikazipanga kuanzia ya zamani.

Kwa mpangilio ule, rekodi ya kwanza ilijaa maneno ya Kifaransa, na ya mwisho ilikuwa karibu haina hata moja. Nikaandika ukurasa mzima kueleza kwamba kambo, kadiri alivyonizoea, alirudia Kiswahili cha ujana wake. Niliupenda sana ukurasa ule.

Mwalimu wangu alitazama jedwali, akauliza: "Mbona tarehe nyingine zimeegemea kulia na nyingine kushoto?"

Kwa Excel, tarehe ni namba: ni hesabu ya siku, na 1 Januari 1900 ndiyo 1. Namba huegemea kulia, maandishi kushoto. Na katika kupanga, namba hutangulia. Kompyuta ile ilifuata desturi ya Kimarekani, mwezi mbele ya siku. Basi 17/03/2023 haikueleweka, maana hakuna mwezi wa 17; ikabaki maandishi, ikasukumwa mwisho. 03/04/2023 ilieleweka, lakini vibaya: 3 Aprili ikawa 4 Machi, ikaegemea kulia kama tarehe nzima.

Nilirudi kwenye daftari. Safu nikaifanya kuwa ya maandishi, nikaandika tarehe zote upya, kisha katika «Convertir» nikachagua JMA, yaani siku, mwezi, mwaka. 17 Machi ikawa 45002, na 3 Aprili 45019. Rekodi niliyoiita ya mwisho ilikuwa imetangulia kwa siku 17.

Kumbe siku ya kwanza kambo alikuwa akichunga maneno, kwa kuwa mbele yake palikuwa na mwanafunzi na mashine. Aliponizoea ndipo aliposema kama anavyosema nyumbani, na Kifaransa ndani yake.

Alifariki kabla sijatetea kazi yangu. Kama si swali lile, ningemsingizia, naye asingekuwapo kunikanusha.

Siku hizi, kabla ya kupanga, natumia ESTNUM. Inanionyesha tarehe iliyobaki maandishi. Ile iliyogeuzwa vibaya haiioni. Hiyo nailinganisha na daftari, moja moja.