Unyambwa: Ukishindwa, wewe ndiye mpishi!

Nilipowaaga washikaji kijiweni kwamba naenda Unyambwa, walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Eti huko mbwa ni wengi? Nikawaacha na ujinga wao. Unyambwa, mpenzi msomaji, ni kata iliyo ndani ya Manispaa ya Singida, ila usisikie neno manispaa ukadhani utakuta maghorofa. Ni mashamba ya mtama, uwele na alizeti, na majabali makubwa yaliyopandiana kama vile kuna mtu alianza kuyapanga akaitwa kula, hakurudi tena. Huko ndiko anakoishi shangazi yangu, dada wa marehemu baba, na safari hii sikwenda kutembea. Niliitwa.

Siku hizi safari yenyewe si ya kulialia kama zamani. Tangu 2024 treni ya umeme inakufikisha Dodoma kutoka Dar, halafu unapanda basi, unapita Manyoni, kilomita zipatazo 240 mpaka Singida mjini. Unalisalimia Ziwa Singidani kwa mbali, lile la maji ya chumvi, unanunua sukari ya shangazi, unadaka bodaboda. Huyo, umefika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekonda. Jembe liko nyuma ya nyumba."

Nadhani umeelewa. Ilikuwa Januari, mvua imeshika, mtama umeota vizuri na magugu yameota vizuri zaidi. Shangazi mguu umemgomea, hata kwenda kisimani ni mpaka ashike fimbo. Shamba ni ekari mbili. Kwa mkulima wa kule, palizi ikichelewa, chakula cha mwaka mzima kimeondoka, hamna cha kubembelezana. Nami nilikuwa nimejipa siku nne za kumaliza kazi. We acha tu! Siku ya kwanza, saa nne asubuhi, viganja vyote viwili vilishatoa malengelenge, na mistari niliyoimaliza ungeweza kuihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Jioni shangazi akanikanda kwa maji ya moto huku akicheka. Akaniambia nisihangaike, Jumamosi vijana wanakuja kulima. Vijana gani? Wa kikundi. Wanajitolea kuwalimia wazee na wagonjwa, wanachota maji, wanafagia zahanati.

Niliitikia "sawa" kwa heshima, lakini moyoni nilishajua hawaji.

Ngoja nikwambie kwa nini. Nilipokuwa sekondari nilijiunga na klabu moja ya kujitolea, jina lake naliweka kapuni. Tulikuwa tunasafisha wodi na kuwabebea wagonjwa maji. Kulikuwa na ubao wa alama, na mwisho wa mwaka mwenye alama nyingi anapata beji mbele ya shule nzima. Muhula wa kwanza darasa lilijaa mpaka wengine wakasimama. Muhula wa pili tukajua washindi ni wale wale watatu, kwa sababu wanakaa bweni lililo karibu na hospitali, wanaenda mara mbili kwa siku. Mimi nilikuwa wa 19. Unaionaje hiyo? Unasugua sakafu mwaka mzima, halafu jina lako linabandikwa ukutani chini kabisa, kila mtu asome. Nikala kona. Mwaka uliofuata wanachama walienea kwenye benchi moja.

Basi bwana, Jumamosi alfajiri nikasikia nyimbo.

Walikuja kama 30, wa kiume kwa wa kike, na majembe begani. Mbele yao binti mmoja, mwenyekiti, kabeba vibuyu viwili vilivyofungwa kitambaa, kimoja chekundu, kingine cheupe. Nilidhani ni uji. Kumbe ndani mna vizibo vya soda, vile vile tunavyochezea drafti kijiweni. Wamegawanyika pande mbili, Mlimani na Bondeni. Mwanachama akifanya kazi ya siku hiyo mpaka mwisho, anatumbukiza kizibo kimoja kwenye kibuyu cha upande wake. Jumapili ya mwisho wa mwezi vinamwagwa kwenye mkeka, vinahesabiwa mbele ya watu. Upande ulioshindwa unachinja kuku, unapika, unawahudumia washindi, kisha wote wanakula pamoja. Na kuku wa Singida unawajua mwenyewe, mji mzima wa Dar unawatamani.

Nikamuuliza mwenyekiti, kwani mshindi mmoja mmoja hamna? Akaguna. Walijaribu hivyo mwanzo, akasema. Kila ndoo ya maji ilikuwa alama moja na zawadi ilikuwa jogoo. Wiki ya pili watu wakaanza kubeba ndoo nusu nusu ili waende safari nyingi. Kijana mmoja mwenye miguu mirefu akachukua jogoo miezi mitatu mfululizo. Mwezi wa nne alikuja yeye na jogoo wake tu.

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Niliikumbuka namba yangu ya 19.

Ndipo wakabadili hesabu. Hawahesabu ndoo wala mistari ya palizi, wanahesabu mtu. Mwenye nguvu kama trekta, kizibo kimoja. Mwenye kikohozi aliyekaa kivulini akinoa majembe, naye kizibo kimoja. Kwa hiyo hakuna anayemwambia mnyonge abaki nyumbani, maana mnyonge naye ni kizibo. Kinyume chake, saa 12 asubuhi unawasikia Bondeni wakigonga mlango wa mwenzao aliyelala: wewe, amka, unatupikisha! Na kila mwezi mpya wanachora kura upya, aliyekuwa Mlimani anaweza kuangukia Bondeni, ili uhasama usiote mizizi.

Shangazi akadakia kutoka kwenye kigoda chake. Zamani, alisema, ukitaka kulimiwa unapika pombe ya mtama, watu wanajaa wenyewe. Asiye na mtama wa pombe je? Shangazi akatazama pembeni. "Huyo alikuwa anapalilia peke yake, baba."

Si kwamba vijana hawa wamegundua kitu kipya chini ya jua, wenyewe hawadai hivyo. Jirani zetu Wasukuma wana Bagika na Bagalu tangu karne ya 19, vyama viwili vya ngoma vyenye upinzani kushinda Simba na Yanga. Siku ya mashindano wanacheza kwa wakati mmoja, kila chama na uwanja wake, na anayevuta watazamaji wengi ndiye mbabe. Ngoma na jembe kwao ni ndugu, nenda Bujora pale Mwanza wakati wa sherehe za Bulabo uwaone bugobogobo wanavyorusha majembe hewani ngoma ikikolea.

Huku pwani nako, babu zetu walicheza beni. Ilianzia pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikaingia bara, na vita vya 1914 hadi 1918 vikaisambaza zaidi pamoja na askari. Tanganyika ilikuwa na pande mbili kubwa, Marini na Arinoti. Kila upande na sare zake, na vyeo vya kujipa: mfalme, jenerali, hata daktari! Ukiitazama kwa haraka utasema watu wazima wanaigiza jeshi. Lakini mwanachama akifiwa au akiugua mji wa ugenini, upande wake ndio uliosimama naye. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya mambo hayo, kilichapishwa 1975.

Na Skauti je? Baden-Powell alipiga kambi ya kwanza mwaka 1907 na vijana wapatao 20, akawagawa makundi manne yenye majina ya ndege na wanyama. Mzee huyo alisisitiza maisha yake yote kwamba uskauti ni mchezo. Alifariki 1941, kaburi lake liko Nyeri, hapo Kenya tu.

Ila mfano ninaoupenda ni wa Zimbabwe. Mwaka 1989 walianzisha klabu ya vijana ambao kila mmoja anaahidi kuchangia damu mara 25, na mtindo huo umesambaa nchi nyingi. Piga hesabu mwenyewe. Mwanaume anaruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo hata asikose hata mara moja, mara 25 zinamaliza miaka sita. Huyo hashindani na mtu. Anaifukuza namba yake mwenyewe, na kila akiisogelea kuna mama aliyejifungua mahali fulani anaongezewa damu. Mwanamke anasubiri miezi minne, kwa hiyo yeye safari yake ni miaka minane.

Haya, turudi shambani. Mlimani walikuwa na upungufu wa mtu, nikasukumiwa huko na viganja vyangu vilivyofungwa vitambaa. Nililima polepole kama kinyonga. Binti wa kama miaka 15 alimaliza mstari wake, akageuka, akaanza wangu kwa upande wa pili mpaka tukakutana katikati. Hakusema neno. Saa saba mchana ekari mbili zilikuwa nyeusi, safi, na shangazi anahesabu mistari kwa fimbo kana kwamba haamini. Mwenyekiti akanipa kizibo cha soda, changa kabisa, rangi ya machungwa. Nikakitumbukiza. Kilipogonga vyenzake mle ndani nilijisikia raha ambayo, kusema kweli, hata ile beji nadhani isingenipa.

Si kwamba kila kitu ni asali. Shangazi amenong'ona kwamba wapo wanaokuja kwa ajili ya nyama tu, na wapo wanaume wa umri wa baba zao wanaosema huo ni utoto. Mwenyekiti mwenyewe anahofu siku akiolewa kata nyingine, vibuyu vitabaki na nani. Nilimuuliza kwa nini asimfundishe mwingine mapema, akasema anao wawili anaowafundisha, lakini kila mmoja anataka kile chekundu.

Jumapili ya mwisho wa mwezi mkeka ukatandikwa. Vizibo vikamwagwa, watoto wakahesabu kwa sauti. Bondeni wakatupiga kwa vinne. Kelele zake ungedhani ni fainali! Basi mtoto wa mjini nikakabidhiwa kuku wawili na sufuria ya maji ya moto, ninyonyoe mbele ya hadhara huku wasichana wa Bondeni wakiniimbia nyimbo ambazo shangazi alikataa katakata kunitafsiria. Kibakuli cha kwanza kilimwendea yeye, kwenye kigoda chake, mguu ukiwa juu ya mto.

Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa ya Jumatatu. Jumapili usiku kura zikachorwa upya, nikaangukia Bondeni. Jumamosi ni zamu ya kuzibua kisima, na wawili wa upande wetu wamesafiri. Nimepiga simu kubadili tiketi.