"Siwati": Kushika si Kushindana

Shairi la Abdilatif Abdalla liitwalo "Siwati" husomwa kama tangazo la ushujaa, na historia yake inaruhusu. Mwaka 1968 aliandika waraka wa kisiasa, *Kenya: Twendapi?*, akahukumiwa kifungo cha miaka 3. Mashairi aliyoyaandika kwa siri gerezani yalichapishwa mwaka 1973 katika *Sauti ya Dhiki*. Lakini kinachonivuta kwanza ni lile neno lenyewe.

Kuwata, kwa Kimvita, ni kuacha. Mshairi hasemi "sitawata". Hiyo ingekuwa ahadi, na ahadi huvunjwa. Anasema siwati: sasa, kesho, na kila atakapoulizwa.

Kila mshororo una mizani 16, nane ukwapi na nane utao. Katika ubeti wa kwanza neno hilo linaanza mishororo mitatu, kama mtu anayejibu swali lile lile mara tatu bila kupandisha sauti. Mshororo wa nne haulirudii. Unataja gharama, nayo ni kaburi. Hapo hapo vina vinahama. Kina kilichofunga mishororo mitatu kinaingia katikati, na mwishoni kinakuja kipya. Shairi linalokataa kugeuzwa linajigeuza lenyewe, kwa hiari yake.

Jambo hili linanigusa. Katika kikundi chetu cha uandishi naambiwa kwamba vina na mizani vimepitwa na wakati, niandike mashairi huru kama wenzangu. Naendelea kuhesabu mizani kwa vidole, nao wanauita ukaidi.

Mshairi alishaujibu utani huo. Mbele kidogo anakanusha kwamba anashindana na mtu. Alichokishika, anasema, ni imani yake. Tofauti ni kubwa. Mshindani huhitaji mpinzani, na mpinzani akiondoka, mikono hubaki mitupu. Mwenye imani hushika hata akiwa peke yake ndani ya seli, mahali pasipo na mtu wa kumpigia makofi.

Kwa hiyo swali ninalojiuliza ni hili: kama kesho hakuna atakayenibishia, nitaendelea? Kwa vina, jibu ni ndiyo. Ninazo beti nyingi ambazo sijamwonyesha mtu. Ila yapo mengine niliyoyashika, na nikiyauliza swali hilo hilo, kimya huwa kirefu.