Barua mbili katika sanduku la feza

Wamama wapenzi, mlituomba tueleze namna tulivyoanza kuuza katika magazini hapa Kamina, sisi tuliozoea chaki. Tukisema "sisi" ni watu wawili: huyu anayeandika na wifi yake. Wote wawili tuna diploma ya ISP ya Lubumbashi, mmoja Kifaransa, mwingine hesabu. Tulishuka treni mwezi wa kwanza, na watoto watatu na godoro lililolowa mvua njiani. Papa wa watoto alikuwa ametangulia. Tangu 2015, Katanga ilipogawanywa kuwa majimbo manne, Kamina ni mji mkuu wa Haut-Lomami, na ofisi yake ilimwita huku.

Mwezi wa kwanza si wakati wa kutafuta shule. Saa za masomo zimekwisha kugawanywa tangu Septemba, na kila prefe alituambia neno moja: mrudi mwaka wa shule ujao. Shule za msingi zingetupokea, lakini bila matrikile. Na tangu Septemba 2019, masomo ya msingi ya serikali yalipokuwa bila malipo, mwalimu asiye na matrikile anakula chaki. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kupokea garanti, na feza za safari zilikuwa zimekwisha.

Basi tukaenda sokoni. Patroni mmoja wa vitenge, mabeseni na sabuni alikuwa anatafuta wauzaji wawili wanaojua kuandika. Alitazama diploma zetu, akacheka kwa upole, kisha akasema: "Mwenye bwana alete barua ya bwana. Asiye na bwana alete ya baba ao ya kaka."

Wamama, tulijua. Mmoja wetu alifundisha sivisme miaka mitano. Sheria ya Jamaa ya 1987, kifungu cha 448, ndiyo iliyomlazimisha mwanamke aliyeolewa kupata ruhusa ya bwana kabla ya kujifunga kwa kazi. Julai 2016 ilibadilishwa: sasa bibi na bwana wanapaswa kusikilizana, wote wawili sawa. Na mwanamke mzima asiyeolewa, hata sheria ile ya zamani haikumuomba barua ya kaka. Tulijua hayo yote na tulinyamaza, maana unga ulikuwa umebaki wa siku mbili. Papa wa watoto aliandika barua zote mbili jioni ile ile, moja kama bwana, nyingine kama kaka, kwenye karatasi tulizong'oa katika kaye ya mtoto. Aliona haya kuliko sisi. Patroni alizisoma, akazikunja, akazitia katika sanduku la feza.

Kazi yenyewe ilitushinda mwanzoni. Mwalimu anaongea sana. Mteja akiuliza bei ya piesi moja ya kitenge, tulimweleza yadi 6, rangi, namna ya kufua, mpaka akachoka akaenda. Siku moja mzee mmoja alijumlisha vibaya, na wifi, mtu wa hesabu, akamsahihisha kwa sauti mbele ya watu. Mzee akaacha beseni mezani, akatoka. Mama jirani, anayeuza samaki wakavu wa kutoka Upemba, alituita pembeni: "Binti zangu, hapa si darasani."

Yeye ndiye aliyetufundisha. Mzee akiingia, bei ingoje. Piga makofi polepole, inama kidogo, akikusemesha, itika "Eyo vidye." Uliza habari za safari, uliza za watoto. Kiluba chetu kilikuwa cha kuchekesha, na kicheko hicho kiliuza vitu kuliko Kifaransa chote cha ISP. Tulijifunza pia kuinua noti ya dola kwenye mwanga na kupitisha kidole pembezoni, maana noti yenye mpasuko mdogo hakuna anayeipokea, na ukiichukua inakatwa kwenye mshahara wako. Ilitupata mara moja, dola 20. Mwezi ule tulikula bukari na sombe bila samaki, na mama jirani alijua, akatuletea wawili wamefungwa katika gazeti.

Kisha mwezi wa pili ukaleta maandalizi ya 8 Machi. Ninyi wenyewe mnajua: kila chama kinataka kitenge chake, na wote wanataka cha rangi moja, na wote wanakitaka kesho. Tuliuza mpaka miguu ikavimba. Patroni alifurahi akatupa yadi 3 kila mmoja, bure. Siku ya kutembea barabarani tulivaa, tukaimba. Wifi akanong'ona: "Na barua zetu ziko sandukuni." Tulicheka, lakini wimbo ulitukauka mdomoni.

Mwezi wa ine aliingia mjane mmoja, bado kijana, akatafuta kazi ya kushona pale nyuma ya magazini. Patroni akarudia maneno yake. Mama akasema bwana amekufa. "Basi shemeji yako aandike." Akajibu, bila kulia: "Shemeji ndiye aliyenitoa nyumbani."

Tulitazamana. Kama angetufukuza, kodi ya nyumba ilikuwa bado siku kumi. Tulimwuliza patroni, kwa adabu ya Kiluba tuliyojifunza kwake humo humo, kama papa anayebeba mizigo alileta barua ya mke wake. Alinyamaza. Tukamweleza habari ya 2016, pole pole, si kwa sauti ya darasani. Akahesabu feza zake mara mbili, nadhani bila kujua anahesabu nini. Mwishoe akamwambia mjane: "Juma tatu, saa mbili."

Tangu Septemba tumepata saa za kufundisha. Asubuhi tuko shuleni, mchana tuko magazini, na mjane bado anashona pale nyuma. Jioni ile ile tuliomba barua zetu. Patroni alifungua sanduku, akarudisha ya bwana. Ya kaka alikuwa ameandika bei za sabuni mgongoni mwake, akatuomba aikope mpaka apate karatasi nyingine.