Mama Hachani Kila Karatasi

Nyumba zetu nyingi hazina vitabu vingi, ila karatasi zimejaa tele. Fungua droo yoyote ya kabati la vyombo uone: kadi za michango ya harusi za watu walioshapata watoto watatu, risiti za umeme, bahasha za kaki, madaftari ya shule yaliyoisha, cheti cha kliniki kilichokunjwa mara nne. Ukutani kuna kalenda ya mwaka juzi ambayo haishuki kwa sababu picha yake ni nzuri. Karatasi hizi hazisomwi tena na hazitupwi. Zinasubiri tu siku ya kufungia kitu.

Mimi ni mwandishi wa habari, kwa hiyo kwangu zimezidi. Nina mafungu ya magazeti yenye jina langu, niliyoyatunza kwa kujipa moyo kwamba siku moja mtu atayauliza. Hajauliza mtu. Sasa nayachana na kuyabandika pamoja na mama yangu, tunatengeneza picha.

Mama alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Tukamtoa Tanga, akaja kukaa nami hapa Tabata. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alituambia mkono dhaifu usiachwe ukae bure, upewe kazi hata ndogo. Akatupa kimpira cha kubonyeza. Mama alikibonyeza siku mbili, ya tatu akampa mjukuu wake. Mpira, kwa maoni yake, ni wa watoto. Alikuwa anatafuta kazi, na sisi tulikuwa tunampa mazoezi.

Kazi ikapatikana kwenye karatasi. Kuchana kunataka mikono miwili: mmoja ushike, mwingine uvute. Mkono wa kulia tukaupa cheo cha kushika. Mwanzoni karatasi ilikuwa inamponyoka, tukaikandamiza kwa kopo la chai. Baadaye kopo likarudi jikoni.

Sanaa hii inaitwa kolaji, jina lililotokana na neno la Kifaransa lenye maana ya kubandika kwa gundi. Picasso na Braque waliiingiza kwenye uchoraji wa kisasa mwaka 1912, lakini ninayempenda zaidi ni Hannah Höch wa Berlin. Alikuwa ameajiriwa na kampuni kubwa ya magazeti, akibuni michoro ya kushona na kudarizi kwa ajili ya kurasa za akina mama, na magazeti hayohayo akayakata kutengeneza picha za kuwacheka wanasiasa. Picha yake mashuhuri ya mwaka 1919 imetaja kisu cha jikoni kwenye jina lake. Kurt Schwitters wa Hannover yeye aliokota tiketi na vifungashio vya barabarani. Na Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, alibandika vipande vya magazeti juu ya michoro ya zamani ya kitabibu, akaunda sura za wanawake ambazo ukizitazama mara moja huzisahau. Kwa hiyo usione aibu kuanza na takataka za nyumbani. Wakubwa walianzia hapohapo.

Tuje jikoni. Gundi yetu ni ya unga wa ngano. Koroga vijiko vitatu vya unga kwenye maji baridi kidogo mpaka mabonge yaishe, kisha mimina kwenye kikombe na nusu cha maji yanayochemka huku unakoroga bila kuchoka. Ikiacha weupe wa maziwa ikaanza kung'aa, epua. Ikipoa iwe kama uji wa mgonjwa, si ugali. Ongeza chumvi kidogo na matone ya mafuta ya karafuu, maana bila hivyo itaota ukungu baada ya siku mbili tatu. Na picha zikikauka zitundike juu: mende na panya wanaipenda gundi hii kuliko wewe unavyoipenda picha yako.

Rangi ziko kwenye makopo. Chai ya rangi iliyokolea inaipa karatasi nyeupe umri wa miaka hamsini. Binzari inatoa njano kali, ila jua huila, kwa hiyo usiiweke dirishani. Mkaa uliosagwa ukichanganywa na gundi hutoa weusi mzito. Risiti za mashine zina siri yao: wino haupo, karatasi yenyewe ndiyo inabadilika rangi kwa joto. Pitishia pasi, inakuwa nyeusi yote. Boksi la sabuni ndilo ubao wetu, mswaki mkuukuu ni brashi, chupa ya soda inasukuma mapovu ya hewa yaliyobaki chini. Ukibandika upande mmoja tu, boksi litajikunja likikauka, basi bandika karatasi na nyuma pia, halafu weka kitu kizito juu. Sisi tunaweka Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Sijawahi kuitumia mara kwa mara namna hii.

Mimi nakata kwa wembe, mama anachana. Nilidhani mkato safi ndio ufundi, mpaka nilipolinganisha. Kipande kilichokatwa kinakaa juu ya picha kama tangazo la kuuza kiwanja. Kilichochanwa kina ukingo mweupe wenye nyuzi, unazama ndani ya gundi na kushikana na jirani yake. Gazeti pia lina upande linaokubali: ukichana kutoka juu kwenda chini mara nyingi linafuata mstari, ukichana kwa mlalo linakwenda linakotaka. Mama aliligundua hilo kwa mkono kabla sijalisoma popote.

Lakini hachani kila karatasi. Kwanza anaigeuza na kuisoma pande zote. Ikiwa na jina la Mungu, kwa herufi yoyote ile, anaiweka juu ya kabati. Karatasi kama hiyo haikanyagwi wala haifungiwi maandazi, hivyo ndivyo alivyolelewa. Kadi za harusi anazichana bila huruma, hasa za ndoa zilizovunjika. Bili za hospitali anazichana vidogovidogo. Makala yangu ya ukurasa mzima aliyatazama, akaona jina, akaniuliza kwa ule usemi wake wa polepole, "Wewe hii?" Nikasema ndiyo, mama. Akatikisa kichwa kwa fahari, kisha akaichana katikati. Kipande chenye jina akanirudishia.

Siku nyingine nilileta bahasha za barua za marehemu baba. Alikuwa akifanya kazi reli, akimwandikia mama kutoka Mbeya. Stempu zake zimefifia vizuri, mwandiko umelala upande mmoja, na kwa macho ya mtu wa kolaji ile ni dhahabu. Nikaziweka mezani. Mama akaziwekea mkono juu. Mkono wa kulia. "Hizi hapana."

Nikamweleza kwamba zitapendeza, kwamba zikibaki kwenye boksi mchwa watazimaliza, kwamba ukutani wajukuu wataziona. Hoja zote nzuri, za mtu aliyezoea kutetea habari mbele ya mhariri. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hazijaisha."

Nimelifikiria sana neno hilo. Kazini kwetu habari inaisha ikichapwa, kesho yake ni karatasi. Kwa mama karatasi ina uhai mpaka yule iliyeandikiwa aseme imekwisha. Na aliyeandikiwa zile alikuwa yeye, siyo mimi, siyo wajukuu, siyo ukuta.

Tukapatana. Nikaenda stationeri ya jirani nikatoa kopi. Ukifanya hivyo tumia mashine ya unga wa tona, kwa sababu kopi ya wino wa maji itachuja ukiipaka gundi. Barua zenyewe zikarudi kwenye bati la biskuti. Zile kopi mama alizichana kwa raha kabisa, moja baada ya nyingine, akizipanga kama mabati ya paa, mistari ya baba ikipandana mpaka haisomeki. Nilimuuliza kama hazimsumbui. Akanijibu kwamba hizo si zake, ni za mashine.

Picha ile iko sebuleni. Chini yake kuna kaki ya bahasha na weusi wa risiti, juu njano ya binzari ambayo imeshaanza kupauka. Karatasi ya gazeti nayo itageuka kahawia, ndiyo tabia yake. Wageni wanaisogelea wakijaribu kusoma, wanashindwa, wanamgeukia mama. Yeye huwatazama tu.

Mkono haujapona. Ila asubuhi hizi anafunga mwenyewe vifungo viwili vya gauni, cha tatu ananiita.